Randa ya babu: jina lililogongwa mbele ni la nani?

Wiki hizi mbili simu yangu imejaa picha za randa. Nyingi zimetoka Kibokoni na Malindi, moja Lamu, na mbili zimetoka kwa jamaa walioko Muscat ambao bado wamelihifadhi sanduku la marehemu baba yao. Wote wauliza jambo moja: hii randa ya mbao imetengenezwa na nani, na ni ya lini?

Najua pupa hii imetoka wapi. Kuna wanunuzi wa vitu vya kale wanaopita kwa mafundi wazee, wanafunua masanduku, wanatoa noti mbili tatu na kuondoka na mfuko mzima. Mzee mmoja wa mtaani kwetu ameuza randa kumi na moja kwa pesa zisizotosha kununua msumeno mmoja mpya. Mwengine naye ameambiwa na mjukuu wake kwamba randa yake ina miaka mia tatu. Ameifunga kwa kitambaa na kuiweka juu ya kabati, wala hataki iguswe, ilhali ni ya kiwandani, ya karne ya 20, na ingemfaa zaidi mezani pa kazi. Huyu na yule wote wamepata hasara kwa kukosa elimu ndogo tu, nayo si ngumu.

Mimi si seremala. Ami yangu, Mwenyezi Mungu amrehemu, ndiye aliyekuwa seremala, nami kazi yangu ilikuwa kufagia maranda na kuchemsha gundi. Lakini kwa miaka kadhaa nimesoma na kuuliza juu ya randa hizi za mbao, na haya ndiyo niliyoyapata.

Kwanza tukubaliane juu ya kitu chenyewe. Nazungumzia randa ambayo mwili wake wote ni gogo la mbao. Katikati lina mdomo, ndani ya mdomo kimekaa kisu cha chuma kwa mshazari, na kisu kimekazwa kwa kabari ya mbao. Hakuna skrubu ya kurekebisha wala kishikio cha chuma. Ukitaka kisu kishuke, wakigonga kidogo kwa nyundo. Ukitaka kipande, wagonga mwili wa randa. Neno lenyewe randa tunalitumia pamoja na Wahindi na Waajemi. Kwa Kiajemi cha leo, neno hilo hilo ni randa ya seremala na pia ni kile kiparuzio cha jikoni cha kukwaruzia karoti, na ukifikiria vizuri utaona ni kazi moja.

Sasa geuza randa uitazame kwa mbele, pale nyuzi za mbao zinapoishia. Hapo ndipo watengenezaji wa Uingereza, Scotland na Marekani walipogonga majina yao. Hawakugonga ubavuni wala chini. Waligonga usoni mwa mbele, mara nyingi juu kidogo na katikati, kwa muhuri mmoja wa chuma uliochongwa jina zima. Muhuri ukishuka mara moja, jina linatoka zima, herufi zimesimama kwenye mstari mmoja na nafasi kati yao ni sawa. Mihuri mingi ya kale ilikuwa na ukingo wa meno meno kuzunguka jina, kama meno ya msumeno.

Tatizo ni kwamba jina hilo halikai peke yake. Randa njema ilifanya kazi miaka mia moja, ikatoka kwa fundi hadi mwanagenzi wake, kwa mjane hadi mnadani, na kila aliyeimiliki aligonga jina lake ili isiibiwe kwenye jengo lenye maseremala ishirini. Kwa hiyo si ajabu kukuta majina matatu, manne, usoni mwa randa moja. La mtengenezaji ni moja tu. Lipi?

Tazama mambo haya. Jina la mtengenezaji limegongwa mara moja, mahali pake pa heshima, na mara nyingi lina mji chini yake: London, York, Bristol, Norwich, Glasgow. Mwenye randa hakuwa na haja ya kuandika mji, kwani wenzake kazini walijua anakotoka. Yeye aligonga mbele, akagonga nyuma, akagonga ubavuni, pengine mara mbili mbili, na mara nyingine juu chini kwa haraka. Tena kuna umri wa alama. Jina lililogongwa randa ikiwa mpya limechakaa pamoja na randa yenyewe: kingo za herufi zimelainika, na uchafu wa miaka umejaa ndani. Likipandwa na jina jengine juu yake, lile la chini ndilo la kwanza. Ukiwa na randa kadhaa za sanduku moja, kazi huwa nyepesi zaidi, maana jina linalojirudia kwenye randa zote, hata zile za mitindo tofauti, ni la mwenye sanduku. Majina yanayobadilika kutoka randa moja hadi nyingine ndiyo ya watengenezaji.

Msomaji mmoja wa Malindi ameniletea picha ya nyuma ya randa yenye nambari 18, akaniambia ni mwaka 1818. La, ndugu yangu. Randa za urembo, zile nyembamba za kuchonga mbonyeo na mviringo kwenye fremu na kingo za meza, ziliuzwa kwa jozi, na seti kamili ilihesabiwa kuanzia nambari 1 hadi 18, ndogo hadi kubwa. Jozi 18 ni randa 36. Nambari hiyo ni saizi. Vilevile ukikuta 4/8 au 6/8, hiyo ni upana kwa sehemu za inchi.

Kosa la pili, na hili ndilo linalowakamata hata wanunuzi wajanja, ni kusoma kisu badala ya mbao. Mtu anachomoa kabari, anatoa kisu, anakisafisha, anaona jina limechapwa vizuri: Sorby, Butcher, Ward & Payne, Newbould. Anafurahi, kwisha habari, mtengenezaji amepatikana. Hajapatikana. Hao walikuwa wafuaji wa chuma wa Sheffield, mji wa visu na misumeno, na waliuza visu vya randa kwa kila mtengenezaji wa randa aliyetaka, hata wa ng'ambo. Mtengenezaji wa randa alikuwa mtu wa mbao, chuma alikinunua. Tena kisu huisha. Kikinolewa miaka ishirini kinakuwa kifupi, fundi ananunua kingine. Kwa hivyo randa ya 1790 yaweza kukaa na kisu cha 1880 bila ugomvi wowote.

Na yale maneno CAST STEEL yaliyo kwenye visu vingi si jina la kampuni. Yanataja aina ya chuma cha pua: kile kilichoyeyushwa ndani ya chungu cha udongo kwa njia aliyoibuni Benjamin Huntsman huko Sheffield miaka ya 1740. Kilikuwa kizuri kuliko vya awali, ndiyo maana wafuaji walijigamba nacho. Neno WARRANTED nalo ni ahadi tu kwamba mali ni nzuri.

Hata hivyo kisu kina msaada wake. Randa nyingi za mbao zina visu viwili vilivyobanwa pamoja kwa skrubu, cha juu kikivunja maranda yasichane mbao. Tangazo la mapema linalojulikana la randa za namna hiyo ni la Samuel Caruthers wa Philadelphia, mwaka 1767. Ukikuta mwili wa randa umechongewa tangu mwanzo mfereji wa kupitisha kichwa cha skrubu hiyo, basi usiniambie ni ya 1700. Pia pima unene wa kisu. Vya zamani ni vinene upande wa makali na vinapungua kuelekea juu, ili kabari ikikazwa kisirudi nyuma. Kisu chenye unene sawa juu hadi chini mara nyingi ni cha karne ya 20.

Sasa tuseme umepata jina la kweli la mtengenezaji. Utajuaje aliishi lini? Hapa tuna deni kwa Mwingereza mmoja, W. L. Goodman, aliyejifunga kibwebwe kutafuta majina haya yote. Mwaka 1968 alitoa kitabu cha watengenezaji wa randa wa Uingereza tangu 1700, na baada yake Jane na Mark Rees wakakirekebisha na kukiongeza. Kwa upande wa Marekani, Emil na Martyl Pollak walitoa chao mwaka 1983. Vitabu hivi vimepanga majina kwa alfabeti, pamoja na michoro ya mihuri.

Namna walivyofanya ni ya kupendeza, na ndiyo inayofaa tuige. Hawakukaa kukisia. Walichukua majina yaliyo kwenye mbao, wakayatafuta kwenye vitabu vya wafanyabiashara vilivyochapishwa kila baada ya miaka michache katika miji kama London, Bristol na Birmingham, vile vilivyoorodhesha kila mwenye duka na mtaa wake. Wakatafuta kwenye daftari za wanagenzi, ambamo iliandikwa kijana fulani mwana wa fulani amewekwa kwa fundi fulani kwa miaka saba. Wakasoma wasia, matangazo ya magazeti na sera za bima ya moto. Kwa njia hiyo silsila ilionekana: Thomas Granford wa London, aliyekuwa kazini mwanzoni mwa karne ya 18 na ndiye miongoni mwa wa kwanza kabisa wanaojulikana kwa jina, kisha Robert Wooding aliyemfuata, na baada ya Wooding kufariki mjane wake akaendelea na kazi. Yaani kama isnadi, huyu kachukua kwa yule. Anayejua namna wanazuoni wetu walivyohakiki wapokezi ataona njia ni ile ile.

Ndiyo maana kila herufi kwenye muhuri ina thamani. Neno dogo "& SON" lamaanisha mtoto ameingia kwenye biashara, na mwaka huo mara nyingi unajulikana. Anwani ya mtaa ni bora zaidi, kwa sababu karakana ilipohama muhuri mpya ulichongwa. Mtengenezaji aliyedumu miaka mingi aweza kuwa na mihuri mitano sita, na kila mmoja una kipindi chake. Na mtego wa herufi: katika karne ya 18 mihuri mingi iliandika I mahali pa J. Ukiona I. NICHOLSON usitafute Isaac wala Ibrahim, huyo ni John.

Majina ambayo yamkini utakutana nayo zaidi ni yale ya karne ya 19, karakana zilipokuwa kubwa. Moseley wa London. Varvill wa York. Griffiths wa Norwich. Greenslade wa Bristol. Marples wa Sheffield, ambaye alama yake ni jani la majani matatu. Na Mathieson wa Glasgow, ambaye alama yake ya biashara ni mwezi mwandamo na nyota. Hii ya Mathieson imenichekesha, maana kijana mmoja ameniandikia akiapa kwamba randa ya babu yake imetengenezwa Istanbul kwa ajili ya Waislamu. Kijana wangu, soma chini ya mwezi: Glasgow. Mathieson walikuwa wakubwa mno, na vifaa vyao vilisafirishwa kila palipofika meli za Waingereza.

Haya makampuni ya baadaye thamani yake sokoni si kubwa, kwa sababu randa zao zimebaki nyingi. Wakusanyaji wanatafuta za karne ya 18. Na za karne ya 18 zajulikana hata kabla ya kusoma jina. Chukua futi. Randa za urembo za mwanzo wa karne hiyo zina urefu wa inchi 10 au zaidi kidogo. Kufikia mwisho wa karne, urefu umetulia kwenye inchi 9 na nusu, na ukabaki hapo hadi kazi ilipokufa. Kisha pitisha kidole kwenye kingo za juu. Za zamani zimekatwa mshazari mpana na bapa, kwa mkono, mtu hakuona haya kupoteza muda. Za karne ya 19 kingo zake ni za mviringo na nyembamba. Kabari nazo: kichwa cha kabari ya kale ni duara, baadaye kikawa kama yai. Hakuna dalili moja inayotosha peke yake, kwani fundi wa kijijini aliweza kuendelea na mtindo wa mwalimu wake miaka thelathini baada ya London kuuacha. Lakini dalili tatu zikikubaliana, tembea kwa uhakika.

Mbao yenyewe pia yasema. Waingereza walitumia mti wa bichi (na hapa sisemi mbao mbichi, ni jina la mti), mbao ya rangi ya chai ya maziwa yenye vidoa vidogo vidogo vya mstari. Kwa randa za urembo, sehemu nyembamba inayosuguliwa sana iliwekewa kipande cha mti mgumu wa njano, ili umbo lisilike upesi. Kule Marekani kaskazini, mafundi wa kwanza walitumia mti mwengine, bachi ya njano, na jambo hilo pekee mara nyingi latosha kutenga randa ya Massachusetts na ya London.

Na nikishafika Massachusetts siwezi kupita bila kusimama.

Mtengenezaji wa kwanza wa randa Marekani anayejulikana kwa ushahidi ni Francis Nicholson, wa kijiji kiitwacho Wrentham. Alifariki mwaka 1753. Alikuwa na mtoto wa kiume, John, ndiye yule mwenye muhuri wa I. Na alikuwa na mtumwa, mtu mweusi, aitwaye Cesar Chelor, aliyefanya kazi katika karakana hiyo hiyo na kujifunza ufundi wote. Katika wasia wake Nicholson alimwacha huru, akampa na ardhi, vifaa vya kazi na mbao. Chelor akaendelea kutengeneza randa kwa jina lake hadi alipofariki mwaka 1784.

Muhuri wake wasomeka CE. CHELOR, kisha LIVING IN, kisha WRENTHAM. Yaani: Cesar Chelor, mkaazi wa Wrentham. Bwana wake aliwahi kutumia maneno hayo hayo, kwa hivyo si Chelor aliyeyabuni. Lakini fikiria maana yake yakitoka kwake. Nchi ambayo watu wa rangi yake waliorodheshwa kwenye daftari za mali pamoja na ng'ombe, yeye amechonga chuma chenye jina lake na mahali anapoishi, na anakigonga usoni mwa kila randa inayotoka mkononi mwake. Leo wakusanyaji wanazitafuta randa hizo kwa udi na uvumba, na majumba ya makumbusho ya Marekani yanazihifadhi.

Swali linalonisumbua ni la randa za kabla ya 1753. Zile zina muhuri wa Nicholson. Ngapi kati yake zilichongwa na Chelor, miaka yote aliyokuwa mtumwa katika karakana ile? Muhuri hautwambii. Muhuri watwambia karakana ni ya nani, hautwambii mkono ni wa nani. Na si huko tu wala zama hizo tu. Katika karne ya 19, kampuni ya Auburn ya New York ilitumia wafungwa wa jela ya mji huo kutengeneza randa, na waanzilishi wa kampuni ya Ohio nao walikodisha wafungwa wa Columbus. Randa zao ni nyingi, nzuri, na zina jina la kampuni usoni. La mfungwa halimo. Kwa hivyo mtu akikwambia amemtambua mtengenezaji, muulize: amemtambua mwenye karakana au aliyeshika patasi?

Sisi wa Pwani swali hili latuhusu. Hali ya utumwa kisheria ilifutwa huku kwetu mwaka 1907, si zamani sana, na milango mingi ya Lamu na Mombasa tunayojivunia haina jina la aliyeichonga.

Tuendelee. Kuna muhuri wa tatu wa kupotosha, wa muuza duka. Maduka ya vifaa vya chuma katika miji ya Uingereza yalinunua randa kwa jumla na kuomba zigongwe jina la duka. Jina linakaa mahali pa mtengenezaji, lina na mji, kila kitu kimetimia, lakini mtu huyo pengine hakuwahi kushika randa isipokuwa kuifungia kwa karatasi. Vitabu nilivyovitaja hujaribu kuwatenga.

Ukitoka Uingereza sheria zabadilika. Randa za Wajerumani ni rahisi kuzitambua kwa pembe iliyochomoza mbele ya kisu ya kushikia kwa mkono wa kushoto. Huko makampuni kama Emmerich wa Remscheid, wenye herufi E.C.E. tangu 1852, na Ulmia wa mji wa Ulm, tangu 1877, yangali yanajulikana na mafundi hadi leo. Wafaransa wana Goldenberg na wana Peugeot. Ndiyo, Peugeot wale wale. Kabla ya kutuletea ile 504 iliyotubeba kwenda Malindi watu tisa na kuku, walikuwa wafuaji wa misumeno na visu vya randa, na simba wao alikuwa alama ya chuma kabla hajawa alama ya gari. Kwa Wajapani ni kinyume kabisa na tulivyosema: wao huivuta randa badala ya kuisukuma, mwili wa mbao ni kitu cha kubadilishwa, na jina lenye heshima ni la mhunzi aliyefua kisu, kama vile Chiyozuru Korehide aliyefariki mwaka 1957. Huko soma chuma, usisome mbao.

Zile zenye mwili wa mbao lakini juu yake kuna mitambo ya chuma na gurudumu la kurekebishia ni za Wamarekani, wengi wao Stanley, waliochukua uvumbuzi wa Leonard Bailey mwaka 1869. Tarehe zilizochapwa juu ya chuma chake ni za hataza, si za kutengenezwa. Chuma chenye tarehe moja kiliendelea kumiminwa miaka mingi baadaye.

Halafu kuna randa zisizo na jina lolote, nazo hapa kwetu ni nyingi. Wanunuzi huzitupa pembeni. Mimi ndizo ninazozipenda. Maseremala wa melini duniani kote walijichongea randa wenyewe kutokana na vipande vya mbao ngumu walivyokutana navyo bandarini, na kisu wakakiweka chochote. Mafundi wetu wa majahazi na wa samani walifanya vivyo hivyo. Ukiona randa ya mvule, mninga au mbambakofi, jua haikutoka Sheffield, hata kama kisu chake kimetoka huko. Mdomo wake hautakuwa na ile mikato ya kiwandani iliyo sawa sawa. Utaona alama za patasi ndani, na pengine shimo la keke lililoanzia kazi. Ami yangu alikuwa nayo moja ya namna hiyo, fupi, nyeusi kwa mafuta ya mkono, na ubavuni mna herufi mbili za Kiarabu zilizochorwa kwa ncha ya msumari. Jina la aliyeitengeneza halimo vitabuni kwa Goodman wala kwa Pollak. Likitaka kupatikana litapatikana kwa kuuliza wazee wa mtaa wakiwa hai.

Kuhusu kusoma alama zilizofifia, nawaomba sana: msipige msasa. Nimeona picha ya randa iliyong'arishwa kwa msasa na vanishi ikawa kama trei ya chai, na usoni pale palipokuwa na jina pako laini kama yai. Hapo habari imekwisha. Vumbi lipanguswe kwa brashi laini au kitambaa kikavu. Ingia chumba chenye giza, washa tochi ya simu na uilaze ubavuni mwa randa, mwanga upite sambamba na uso wa mbele, na herufi zilizozama zitaota vivuli. Pindua tochi pande zote nne, maana herufi moja yaweza kuonekana kwa upande mmoja tu. Njia nyengine ni karatasi nyembamba juu ya alama na kusugua kwa penseli iliyolazwa, kama watoto wanavyofanya na sarafu. Chaki na unga wa ngano wengine huvitumia. Mimi sivipendi, vinakwama ndani na kuwaita wadudu. Ukiona vitundu vya fukusi, itenge na nyengine kabla hujalala.

Na anayetaka kuuza auze, ni mali yake na si haramu. Lakini asiuze sanduku zima kwa bei moja bila ya kutazama uso wa kila randa. Aandike kwanza orodha: jina lililo mbele, mji, majina mengine, nambari za nyuma, urefu, aina ya mbao, na jina la kwenye kisu kwa mstari wake peke yake. Atoe na picha. Mnunuzi akimharakisha, hiyo nayo ni dalili. Ikiwa kuna randa ya inchi 10 yenye kingo pana za mshazari na muhuri wa meno meno, asiiachie hadi jina lake litafutwe. Ikiwa ni Marples au Mathieson nzima isiyo na ufa, bei haitamtajirisha, na pengine faida kubwa zaidi ni kuinoa na kumpa kijana anayejifunza.

Walionitumia picha nitawajibu mmoja mmoja inshaallah. Wale wa Muscat, randa yenu ya kwanza ni Varvill wa York, hiyo sina shaka. Ya pili siwezi kuisoma kwa sababu mmeipiga picha kutoka juu na taa ya simu imeng'aa katikati ya jina. Ipigeni tena asubuhi, karibu na dirisha, mwanga ukitoka ubavuni, na mniandikie kila herufi mnayoiona, hata zile zilizobaki nusu.